Jina Lililotoka Dukani mwa Dawa

Kwenye vibanda vya juisi vya Feri, mwisho wa kisiwa cha Mombasa upande wa kusini ambako watu husubiri kuvuka kwenda Likoni, kokteli ni kinywaji cha watoto wa shule, akina mama na wazee waliotoka kuswali. Muuzaji hutia parachichi lililosagwa chini ya gilasi, juu yake embe, kisha pasheni au nanasi, na akiwa na mkono mzuri rangi hizo hukaa tabaka tabaka mpaka mnywaji atie mrija akoroge mwenyewe. Hakuna tone la kileo ndani yake. Ng'ambo ya maji, kwenye mahoteli ya Diani, neno hilohilo ni la pombe kali iliyochanganywa na ndimu, sukari na barafu. Mlango wa Kilindini umekuwa na feri tangu 1937, na kila siku watu wanaokunywa kokteli ya kwanza hupishana humo na wanaokunywa ya pili. Feri ilichukua mchanganyiko ikaacha ulevi, bila kikao wala fatwa.

Asili ya jina lenyewe imeleta ubishi mrefu. Kwa Kiingereza linasomeka kama mkia wa jogoo, na kwa zaidi ya miaka mia mbili watu wamelitungia hadithi kwa sababu ya mkia huo. Wapo wanaosema lilianza kwa farasi waliokatwa mikia, ambao mara nyingi walikuwa wa damu mchanganyiko. Wengine humtaja Antoine Amédée Peychaud, mfamasia wa New Orleans, aliyedaiwa kuwapimia wageni wake dawa na brandi kwa kikombe cha yai ambacho Kifaransa hukiita coquetier. Hadithi hii ya pili ni tamu lakini haisimami: Peychaud alizaliwa karibu na 1803, na kufikia 1806 neno lilikuwa limeshachapishwa gazetini. Mtoto wa miaka mitatu hauzi brandi.

Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba tarehe 13 Mei 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilimjibu msomaji aliyetaka kuelezwa kokteli ni nini. Jibu lilitaja vitu vinne: pombe kali ya aina yoyote, sukari, maji, na kile ambacho Waingereza hukiita kwa jina linalomaanisha vitu vichungu, yaani mizizi na magome yaliyoroweshwa kwenye spiriti. Hicho cha nne hakikuwa kiungo cha jikoni. Kilikuwa dawa ya tumbo, ikiuzwa na wafamasia na kupimwa kwa matone. Chupa ndogo ya Angostura inayokaa kwenye baa nyingi duniani ina historia hiyohiyo: ilianzia 1824 kwa Johann Siegert, daktari Mjerumani aliyetibu askari wa Simón Bolívar katika mji wa Angostura, Venezuela. Kwa hiyo tangu maelezo yake ya kwanza kokteli ilikuwa na kitu cha duka la dawa ndani yake. Jambo hili linafaa kuwekwa akilini, kwa sababu ukifuata majina ya vinywaji, duka hilo hujitokeza mara kwa mara mahali pasipotarajiwa.

Pwani ya Kenya ina desturi nyingine ya kutaja vinywaji, nayo haihitaji hadithi. Jina hutoka kwenye mti. Tena si mti tu, bali umri wa tunda. Mnazi ukizaa huanza na kidaka, kikikua ni kitale, kisha dafu, baadaye koroma, mwisho nazi. Maji ya kunywa ni ya dafu. Koroma limeshaanza kupoteza utamu na nyama yake inakuwa ngumu, na nazi ni ya mbuzi na kifumbu jikoni. Muuzaji wa madafu pale Feri hahitaji kuonja ili ajue. Hulichukua moja mkokotenini, hulipiga kofi au hulitikisa karibu na sikio, na kama mteja ametaka lenye nyama humchagulia jingine. Hulichonga kichwa kwa panga mapigo matatu manne, likatoboka tundu la mrija. Maji yakisha, dafu hupasuliwa vipande viwili na ganda lake hukatwa kijipande cha kukombea nyama. Mtu anayesema maji ya nazi akimaanisha madafu hujulikana papo hapo kwamba ametoka bara.

Mti huohuo hutoa tembo. Mgema hupanda na kotama yake, akachonga kilele cha karara asubuhi na jioni, na utomvu hudondokea ndani ya mbuo uliofungwa juu huko. Ukiteremshwa mapema ni tembo tamu. Ukikaa ni tembo kali. Siku hizi Mombasa watu wengi huita kinywaji hiki mnazi, kwa jina la mti mzima, na mahali kinapouzwa huitwa mangwe. Kwa Wamijikenda ni uchi wa mnazi, na katika mazungumzo ya posa hupelekwa kwa kadzama, kibuyu chenye heshima ya barua. Neno tembo limewatatiza wengi kwa kuwa kwingineko ni mnyama, lakini sarufi hutenganisha vizuri. Mnyama ni tembo huyu, kinywaji ni tembo hili, na methali ya mgema inathibitisha: akisifiwa, tembo *huli*tia maji. Wenyeji wa Mombasa kwa kawaida humwita mnyama ndovu, basi kwao utata haukuwapo.

Ajabu ni kwamba ndovu ameingia kwenye chupa kwa mlango mwingine kabisa. Kampuni ya Kenya Breweries ilianzishwa 1922 na ndugu wawili wa ukoo wa Hurst. Mwaka uliofuata mmoja wao, George, aliuawa na ndovu akiwa mawindoni, na bia yao ikapewa jina Tusker, yaani ndovu mwenye pembe kubwa. Ni nadra kinywaji kupewa jina la aliyemuua mwenye kiwanda. Tanzania ina bia iitwayo Ndovu, na Lubumbashi, Kongo, ina bia nyeusi iitwayo Tembo, zote zikimlenga mnyama. Afrika Mashariki na Kati imejaza ndovu watatu kwenye chupa, na tembo la kweli, lile la mnazini, halina hata mmoja.

Baada ya mnazi huja maneno yaliyofika kwa pepo za musimu, na hapa mambo ni mengi zaidi. Sharubati ni Kiarabu, kutoka mzizi wa kunywa. Vitabu vya shule hulitumia kwa kila juisi. Feri mtu akiitisha sharubati ataeleweka, ila muuzaji atamtazama mara mbili. Mzizi huohuo umekipa Kiswahili kitenzi kusharabu, kitambaa kinapofyonza maji. Kule Ulaya umetawanyika zaidi: Waitaliano wakapata sorbetto ya barafu, Waingereza sherbet ya unga na shrub ya ramu na maji ya matunda, na karibu kila lugha ya bara lile ikapata neno siropu. Siropu ilikuwa kwanza dawa. Waganga wa Kiarabu na Kiajemi waliwapa wagonjwa mitishamba ndani ya sukari iliyoyeyushwa ili imezeke, na vitabu vyao vilipotafsiriwa kwa Kilatini jina likaenda pamoja na chupa. Dawa ya kikohozi ya mtoto na sukari ya rangi inayomiminwa kwenye kokteli zimezaliwa tumbo moja.

Julepi ina safari ya kupendeza kuliko zote. Kwa Kiajemi gul ni waridi na ab ni maji: gulab, maji ya waridi. Waarabu, wasio na sauti ya g ya Kiajemi, wakasema julab, na likawa jina la kinywaji kitamu cha kumezea dawa. Likapita Ulaya likiwa bado la waganga. Lilipofika Virginia, Marekani, katika karne ya 18, waridi lilikuwa limekwisha kuanguka njiani. Mahali pake pakaingia nanaa, na dawa ikawa pombe yenyewe. Mombasa maji ya waridi hayakubadili kazi. Katika Mji wa Kale bado hutiwa kwenye mrashi na kunyunyizwa juu ya wageni wa maulidi na harusi, na siropu ya waridi ndiyo inayoipa faluda rangi yake. Faluda nayo ni neno la Kiajemi lililopitia Bara Hindi, na futari nyingi za Ramadhani hazikamiliki bila gilasi yake yenye tambi laini na mbegu zinazoteleza.

Upande wa Bara Hindi ndiko ilikotoka panchi, kinywaji cha bakuli kilichoitangulia kokteli kwa zaidi ya karne moja na nusu. Kihindi na Kigujarati tano ni panch, na vitu vilivyotiwa vilikuwa vitano: araki, sukari, ndimu, maji na viungo. Mabaharia wa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki walikijua kufikia 1632, mwaka jina hilo linapoonekana katika barua. Kuna wanaopendelea kulitafutia asili ndani ya Kiingereza, kwenye jina la pipa. Hoja yao ni dhaifu, maana kinywaji chenyewe, viungo vyake na watu waliokileta vyote vilitoka upande mmoja wa bahari. Si kawaida mzigo wote kupakiwa Surat, bandari ya Bara Hindi, na jina peke yake kungoja London. Duka lolote la zamani la Kigujarati Mombasa lingeweza kuuza vitu vinne kati ya vile vitano. Cha tano, araki, kisingepatikana rafuni.

Araki kwa Kiarabu ni jasho. Waliolichagua jina hilo walikuwa wamekaa mbele ya chombo cha kukenekea wakatazama: mvuke hupanda, hukutana na ubaridi, kisha hutoka kwenye mdomo wa mrija tone kwa tone, kama paji la uso la mchukuzi wa bandarini saa saba mchana. Kutoka hapo neno limefika Ethiopia kama arake, Uturuki kama raki, na visiwa vya Indonesia kama arak. Chang'aa ya Kenya hupikwa kwa njia hiyohiyo, ijapokuwa jina lake halina jasho ndani yake.

Neno alkoholi limetoka mbali zaidi na ulevi. Al-kuhl ni wanja, ule wa manga ambao wanawake wa Mombasa huutia machoni. Ulisagwa ukawa unga mwororo kupita kiasi, hata wanakemia wa Ulaya wakalitumia jina lake kwa unga wowote laini, kisha kwa kiini cha kitu chochote kilichosafishwa. Katika karne ya 16 tabibu Paracelsus aliita spiriti ya mvinyo alkoholi ya mvinyo. Baadaye mvinyo ikaachwa nyuma na alkoholi ikabaki peke yake. Kiswahili hakikuhitaji mzunguko huo, kwa kuwa kileo ni kile kinacholevya, basi.

Kahawa ilikwenda kinyume. Wanakamusi wa Kiarabu wa zamani waliandika kwamba qahwa lilikuwa moja ya majina ya mvinyo. Masufi wa Yemen, katika karne ya 15, walipoanza kunywa buni ili wakeshe katika dhikiri, jina likahamia kwenye kinywaji chao, na leo hakuna anayekumbuka lile la kwanza. Mji wa Kale kahawa tungu huuzwa jioni kwa dele la shaba lililokaa juu ya makaa, na muuzaji hugonganisha vikombe vyake vidogo visivyo na mkono ili watu wajue yupo. Wazee huinywa barazani na tende au kashata. Neno lililokuwa la ulevi likaja kuzaa mkahawa, na mikahawa mingi ya Mombasa haiuzi hata bia.

Ukwaju unastahili kutajwa kwa kiburi chake. Mkwaju ni mti wa Afrika. Waarabu walioyapata matunda yake kutoka Bara Hindi wakayaita tamr hindi, tende za Kihindi, na Wazungu wakaufuata upotovu huo mpaka ukaandikwa katika jina la kisayansi, Tamarindus indica. Waswahili hawakukopa kitu. Waliujua mti kabla ya meli, na juisi yake ya kahawia pale Feri, yenye sukari nyingi na chumvi kidogo kwa wanaopenda, bado ni juisi ya ukwaju.

Wareno waliijenga Ngome ya Yesu kuanzia 1593 na wakang'olewa 1698, wakaacha neno mvinyo kutoka vinho yao. Divai ni Kifaransa, pamoja na kiambishi chake, maana du vin ni mvinyo kiasi. Vileo vilivyokuja baada ya hapo vilipewa majina ya juujuu. Konyagi ya Tanzania imepata sauti ya konyaki ya Ufaransa bila kuwa na zabibu. Waragi ya Uganda ni jini ya vita, maneno mawili ya Kiingereza yaliyosagwa na ulimi wa wenyeji. Kabla ya hapo ilikuwa enguli, jina lililowekwa hata kwenye sheria ya 1965. Nairobi pombe haramu ya bei ya chini iliitwa kumi kumi kwa sababu kipimo kilikuwa shilingi kumi, na iliua watu. Hayo ni majina ya haraka na hayana mengi ya kusema.

Jambo moja huonekana kila mahali, nalo ni jinsi pombe kali inavyopenda kujificha nyuma ya maji. Vodka ya Warusi ni kijimaji, kipunguo cha voda. Wiski ni mabaki ya maneno ya Kigaeli yenye maana ya maji ya uhai. Kenya mlevi huambiwa amepiga maji, na hakuna aliyemfundisha Mrusi wala Mskoti.

Ndipo kuna Dawa, mchango wa Kenya kwenye orodha za kokteli za ulimwengu. Ilipata umaarufu katika mkahawa wa Carnivore, uliofunguliwa Nairobi 1980, na ni ndugu wa caipirinha ya Brazil: vodka mahali pa cachaça, vipande vya ndimu, sukari, barafu, na kijiti kilichochovywa asali cha kupondea ndimu ndani ya gilasi. Kadiri kijiti kinavyozungushwa, asali huyeyuka na kinywaji huwa kitamu. Carnivore na Tamarind, mkahawa wa Nyali unaotazamana na Mji wa Kale, ni wa kampuni moja, kwa hiyo Dawa ilifika pwani mapema, na mgeni anayeinywa chini ya jina la tende za Kihindi hajui ana maneno mawili ya Kiarabu mkononi.

Jina lilitolewa kwa mzaha, kama mtu anavyosema leo nahitaji dawa akimaanisha kingine. Lakini kwa ushahidi wote wa majina hayo mengine, ni jina sahihi kuliko lile la mkia wa jogoo. Siropu ilikuwa dawa. Julab ilikuwa dawa. Vichungu vya 1806 vilikuwa dawa. Jini na toniki ni dawa ya malaria iliyopoteza adabu: kwinini, ambayo watu wa pwani huikumbuka kwa uchungu karibu na ule wa mwarobaini, ilikuwa haimezeki, Waingereza wa India wakaitia sukari, maji na jini. Watu wa Ulaya na Marekani walichukua karne nyingi kuhamisha vinywaji kutoka kwa mganga kwenda baa, wakijitahidi njiani kusahau vilikotoka. Mhudumu wa Nairobi alikirudisha kimoja kwa neno moja.

Hata hivyo Waswahili hawakuwaachia wenye baa neno lao. Kwenye mikahawa ya Mombasa dawa ni maji ya moto yenye tangawizi iliyopondwa, ndimu na asali, nayo hunywewa kwa mafua, kwa koo au kwa hamu tu. Haina kileo na hakuna anayeiona haya. Zote mbili huandikwa kwa herufi zilezile, wakati mwingine kwenye orodha moja ya hoteli moja, kurasa mbili tofauti. Anayeagiza na atangulize kusema ni ya tangawizi au ya vodka.